Kipimo cha Kisigino

Fundi alipoipindua baiskeli yangu, kiti chini na magurudumu juu, swali lake la kwanza halikuhusu breki wala mnyororo. Aliuliza, "Papa, unabeba nini?"

Nikamwambia sibebi kitu. Mkoba wa madaftari, pengine, na samaki wawili wa jioni. Akaitazama keria iliyochomelewa kwa nondo, akanitazama mimi, akarudia kwa upole kama mtu anayedhani hakueleweka: kwa siku moja ninapakia kilo ngapi, na ni chisense, ni mihogo au ni mkaa? Nikarudia kwamba hakuna mzigo. Ninajibeba mwenyewe, na nataka nijibebe bila maumivu. Alinyamaza kidogo, akachukua spana.

Ilikuwa Januari. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa Ziwa Mweru, samaki wapate kuzaliana, na katika miezi hiyo baiskeli nyingi hupumzika na mafundi hupata nafasi ya kukaa na baiskeli moja siku tatu. Kibanda chake kiko Kashikishi, hatua chache kutoka sokoni. Kashikishi na Nchelenge ni miji miwili iliyokua mpaka ikagusana kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, mkoani Luapula, Zambia. Anayepita mara ya kwanza hajui ameuacha lini mmoja na kuingia mwingine. Ng'ambo ya maji ni Congo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Nimekulia kwenye ziwa jingine, kwenye harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, na nilipokuja huku kufundisha, chisense, samaki wadogo wa hapa, ndio walionifanya nisijione mgeni. Samaki ni mwingine, harufu ya asubuhi ni ileile.

Kwa Kibemba baiskeli ni ncinga, na wenzetu wa Katanga, huko Congo, katika Kiswahili chao, huiita kinga. Fundi ni wa kwao, wa upande wa Pweto. Alivuka mwaka 2017, mwaka ambao mapigano ya majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga yaliwamwaga watu kwa maelfu hadi kituo cha Kenani, na kisha Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018. Kwa masikio yangu ya Kigoma, kinga ni kile kinachozuia dhara lisikupate. Kwa hiyo alipoigonga fremu kwa kifundo cha kidole akasema, "Hii kinga imechoka," nilisikia maneno mawili kwa pamoja, na yote mawili yalikuwa kweli.

Niliinunua kwa mzee jirani, mchuuzi wa samaki aliyeacha safari, ambaye mtaa mzima humwita Batata, kama watoto wanavyomwita baba. Ni ile baiskeli ndefu nyeusi yenye usukani uliorudi nyuma na breki za vyuma vilivyonyooka badala ya waya, ile ambayo Wakenya waliibatiza Black Mamba. Nembo ya mbele ilidondoka zamani, yamebaki matundu mawili, basi siwezi kuapa kama ni ya Nottingham, ya India au ya China. Haidhuru. Zote zilifuata umbo moja, spoku 32 gurudumu la mbele na 40 la nyuma, na kipuri cha moja hukubali kwa nyingine. Zile spoku nane za ziada nyuma zimewekwa na watu waliojua uzito unakaa wapi.

Wapo walionishauri nitafute Buffalo, baiskeli nzito ya chuma ambayo shirika la World Bicycle Relief limekuwa likiisambaza Zambia tangu miaka ya 2000, yenye breki ya kurudisha pedeli nyuma na keria inayobeba kilo 100. Ni baiskeli ya heshima, nimewaona wasichana wakiifikia shule kwa hiyo ambao bila hiyo wasingefika. Lakini ya Batata ilikuwa imesimama ukutani kwake, naipita kila siku, na kiuno changu kilikuwa kimeanza kunihesabia miaka. Nikamwomba bei. Alisita, kisha akataja ndogo kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya kufungua hata nati moja, fundi alinisomea ile baiskeli. Siwezi kutumia neno jingine. Mshikio wa kushoto ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa. Wa kulia ulikuwa mzima, na mistari yake ya kiwandani bado inaonekana. "Mzee hakuwa anapanda," alisema. "Alikuwa anasukuma." Mtu anayesukuma shehena husimama kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia nyuma ya kiti, umelishika gunia lisiyumbe. Na kweli, ngozi ya kiti upande wa nyuma kulia ilikuwa imesuguliwa ikawa nyembamba kama karatasi. Chini ya bomba la juu la fremu lilikuwa limechomelewa bomba la pili. Kutoka ekseli ya mbele hadi usukani vilipanda vyuma viwili vya kuisaidia foku isipinde.

Kisha akakishika kiti. Kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho, hakikubali kwenda chini tena. Nilidhani Batata alikuwa mfupi wa miguu, ingawa nikimkumbuka akitembea sivyo alivyo. Fundi akatikisa kichwa. Mwenye gunia la kilo mia mgongoni mwa baiskeli, akipata mteremko akapanda, lazima miguu yote miwili ifike chini papo hapo, maana mzigo ukianza kuegemea upande hausubiri. "Hiki haikuwa kiti ya kukaa, papa. Ilikuwa ya kuegemea."

Niliporudi nyumbani jioni ile nilipita kwa Batata. Hasimulii kwa mpangilio; hutoa kipande, akanyamaza, akarudi kwenye kipande kingine cha miaka kumi kabla. Alisema alipakia jioni ili alfajiri imkute njiani. Alisema Mbereshi kuna kilima. Alisema samaki mkavu hana uzito asubuhi, uzito wake huja mchana. Barabara anayoisema ni hii tunayoiona leo ya lami: kutoka ziwani hadi kwa chifu Mwata Kazembe pale Mwansabombwe, Mbereshi, Mwense, hadi Mansa, zaidi ya kilomita 200. Waliomtangulia walikwenda mbali zaidi. Tangu zama za ukoloni wachuuzi wa Luapula walipeleka samaki mkavu kwa baiskeli hadi Copperbelt, wakavuka mto Luapula kwa pantoni pale Chembe, wakalikata lile pande la Congo linaloichoma Zambia ubavuni, wakatokea Mufulira kwenye midomo ya wachimba shaba. Pantoni imeondoka, daraja lilifunguliwa mwaka 2008, na siku hizi samaki husafiri kwa lori na kwa basi. Ila shaba ile, kabla ya yote, ililishwa na samaki wa huku. Maelfu ya watu waliochimba chini ya ardhi walikula kitoweo kilichosukumwa na mtu anayetembea kando ya baiskeli.

Na kabla ya baiskeli ilikuwa kichwa. Kiswahili chenyewe kilifika pande hizi na wapagazi. David Livingstone alipofika Mweru Novemba 1867, kisha akaenda kwa Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara wa Kiswahili, Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amekaa nchini humo miaka mingi. Majina ya wenye mali yameandikwa. Ya waliobeba, machache. Nikizungumza na fundi wangu, tukielewana mimi wa Ujiji na yeye wa Pweto, tunatumia njia ambayo ilikanyagwa kwanza na miguu ya watu wenye uzito kichwani.

Nayasema haya kwa sababu siku ya pili nilisitasita. Fundi alikuwa ameshika msumeno wa mkono, anataka kukata ile keria ya nondo, na mimi nikahisi kama namvua mtu nguo. Nani mimi, nije nichukue chombo cha kazi ya maisha ya mtu, nikifanye chombo cha kustarehe? Nikamwambia angoje. Fundi ni kijana kwangu kwa miaka kama 15, lakini katika jambo hili alikuwa mkubwa. Aliniambia kwamba alipokuwa Congo watu waliomletea kinga walileta mizigo ndani ya vichwa vyao: niwekee chuma hapa, nikazie pale, niongezee gunia moja. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba mabega yanauma. Yaliwauma. Aliwaona wakishuka, wakijinyoosha, wakiishika nyonga. Ila hakuna aliyeihesabu nyonga kuwa sehemu ya baiskeli.

Akakata. Aliacha bomba la pili la fremu, kwa kuwa kulitoa kungeumiza lile la kwanza. Vyuma viwili vya mbele navyo vikatoka. Nilipoinyanyua kwa mikono yangu nilistaajabu. Nusu ya nilichokijua kama uzito wa baiskeli hiyo ilikuwa tahadhari ya Batata.

Kazi ya ndani nitaipita haraka, si kwamba haina maana, ila kila fundi wa Afrika Mashariki anaijua. Gololi 11 kila upande wa ekseli ya pedeli, zote zikamwagwa kwenye kopo la mafuta ya taa. Saba zilikuwa na vidonda, akabadilisha zote, maana gololi kongwe na mpya hazikai nyumba moja. Ile pini inayoushika mkono wa pedeli ilikuwa imelika, ndiyo iliyokuwa ikigonga ko, ko, kila mzunguko. Girisi mpya. Gurudumu la nyuma alilizungusha mbele ya kipande cha chaki kilichofungwa kwenye fremu, akakaza spoku hapa, akalegeza pale, mpaka chaki ikaacha kugusa. Nilimtazama kazi hiyo kwa nusu saa na sikuchoka.

Mnyororo nao una neno lake. Gia ya mbele ina meno 48, ya nyuma ilikuwa na 18. Maana yake kila mzunguko mmoja wa pedeli ulimsukuma mpandaji karibu mita sita. Kwenye lami tambarare hiyo ni neema. Kwenye mchanga wa kushuka ziwani, au kwenye tope la Januari, ni kama kupanda ngazi ukiruka mbili mbili. Batata hakujali, sehemu ngumu aliisukuma. Fundi alizunguka sokoni akarudi na gia ya meno 22, akaongeza pingili mbili za mnyororo, akalisogeza gurudumu. Sasa mzunguko mmoja ni pungufu kidogo ya mita tano. Magoti yangu yalijua kabla hajaniambia.

Kiti ndicho kilichotuchukua muda. Ngozi ilikuwa imelegea katikati ikawa kama machela, na kingo zake zimechanuka nje zikikwaruza mapaja. Mimi nilikuwa tayari nimeleta kipande cha sponji la godoro, kama wengi wafanyavyo, nikitaka akifunge juu. Alilibonyeza kwa kidole gumba mpaka likagusana, akanirudishia. Mtu hukalia mifupa miwili ya makalio. Sponji hukubali pale mifupa inapobonyea, halafu hupanda katikati, mahali penye nyama laini na mishipa, pasipotakiwa kubanwa. Dakika kumi za kwanza unashukuru, saa moja baadaye miguu inakufa ganzi. Ngozi iliyovutwa vizuri hufanya kinyume: huishika mifupa na kuacha katikati kupumua.

Historia ya kiti hiki inanipendeza. Mnamo 1878 John Boultbee Brooks, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi wa Birmingham, alifiwa na farasi wake, akaazima baiskeli ya kumfikisha kazini, na kiti chake kikamtesa mpaka akaapa kutengeneza kingine. Hataza yake ni ya mwaka 1882. Kila kiti cha ngozi chenye skrubu ya kuvutia mbele, pamoja na hiki kilichokaa juani Nchelenge kikinywa maji ya samaki, ni mtoto wa maumivu ya mtu mmoja ambaye hakuona aibu kusema kinamuuma.

Fundi aliikaza skrubu mizunguko michache tu, akaogopa ngozi isipasuke. Kisha akatoboa matundu madogo kwenye kingo zote mbili, saba huku na saba huku, akazishona kwa chini kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Uzi alioutumia ni nailoni ya kushonea nyavu. Alivuta, akabonyeza juu kwa kiganja, akavuta tena. Zile kingo zilizochanuka zikaingia ndani, na kiti kikapanda kifua. Ile sehemu nyembamba ya kulia aliibandikia kiraka kwa chini. Juu hakuigusa.

Sasa urefu. Mimi nilikuwa nimekuja na karatasi. Ipo kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990: pima mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kinenani, zidisha kwa 0.883, utapata umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya kiti. Mguu wangu kwa ndani ni sentimita 82, kwa hiyo kiti kikae 72 na ushei. Cha Batata kilikuwa 63. Fundi aliisikiliza hesabu yangu kwa adabu. Halafu akaishika baiskeli kwa nyuma, akaniambia nikae, nivue viatu, niweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Goti lilikuwa limekunjika vibaya. Akapandisha. Tena. Tena. Mpaka kisigino kikagusa huku mguu umenyooka na nyonga haijashuka upande. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti hubaki limekunjika kidogo. Tukapima kwa futi: 72 kasoro kidogo. Nilifurahi kuona karatasi na kisigino vimesema kitu kimoja.

Yeye hakufurahi. Alinizungusha uwanjani, akinifuata kwa nyuma, macho yake kwenye mkanda wa suruali. Akasema mkanda unapanda na kushuka. Nikashuka naye akateremsha kiti upana wa vidole viwili. Nikabisha, nikamwonyesha karatasi. Alinieleza kwa mikono zaidi ya maneno: kwenye baiskeli ya mashindano bomba la kiti limesimama na mwili umeinama mbele, mguu unashuka karibu wima. Kwenye hii bomba limelala nyuma, mpandaji ameketi wima kama kwenye kigoda, miguu inakwenda mbele kidogo kuifuata pedeli. Mguu uleule, njia ndefu zaidi. Na kiuno kinachopanda na kushuka mara elfu kwa saa ndicho kiuno nilichokuja kukilalamikia. Pia kuna mbuzi, akasema, na watoto, na mchanga wa ghafla. Lazima ncha za vidole ziifikie ardhi.

Usukani ulipaswa kupanda ulingane na kiti, la sivyo uzito wa kifua ungeangukia viganja na vidole vingekufa ganzi, jambo lililokuwa likinipata kila nilipoijaribu. Kwenye baiskeli zenye breki za waya hilo ni la dakika mbili. Hapa kila sentimita unayoupandisha usukani, vile vyuma vya breki navyo huvutwa, basi ilibidi afungue viungio vyote, arefushe, afunge upya, aangalie kama mpira wa breki unaigusa ringi sawasawa, afungue tena. Alipandisha sentimita nne. Aliona kwamba sehemu ya bomba iliyobaki ndani ni ya kutosha kushika, akakataa kuongeza hata kidogo.

Yakabaki matairi. Batata aliyajaza mpaka yakawa mawe, kwa kuwa tairi laini chini ya gunia hupasuka ubavuni na spoku hukatika. Fundi alitoa upepo. Alibonyeza kwa kidole gumba: la mbele likubali zaidi, la nyuma kidogo, kwa kuwa mpandaji aliyeketi wima huweka karibu theluthi mbili za uzito wake nyuma. Tofauti niliisikia kwenye meno kabla ya kuisikia mgongoni.

Tairi la upepo nalo lilitokana na kumwonea mtu huruma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alipata hataza ya mpira wenye upepo aliokuwa ameufunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, mtoto asitikiswe na barabara mbovu. Sijui hadithi nyororo kuliko hiyo katika ufundi wote. Na sijui iliyokwenda vibaya kama hiyo. Ndani ya miaka michache dunia nzima ilitaka kupanda juu ya upepo, bei ya mpira ikaruka, na katika ile iliyoitwa Dola Huru ya Congo, mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, watu wakapangiwa kilo za utomvu wa kuleta. Waliopungukiwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, wengine walikatwa mikono. Hali hiyo ilidumu hadi 1908, Leopold alipolazimishwa kuiachia nchi. Misitu ya mpira ilikuwa mbali, kaskazini-magharibi, lakini ufuo ninaouona magharibi ya ziwa jua linapozama ulikuwa chini ya bendera hiyohiyo. Fundi wangu, anayenipunguzia upepo kwa kidole gumba ili kiuno kisiumie, ni mtoto wa nchi hiyo. Sikumwambia siku ile. Nilimlipa, nikamwongezea, akaniambia, "Rudi wiki mbili, papa. Mwili utasema."

Ulisema. Wiki ya kwanza mifupa ya makalio iliuma, kama ngozi ngeni inavyofanya. Wiki ya pili maumivu yaliondoka hapo yakahamia katikati ya mabega, na fundi akakisogeza kiti mbele upana wa kidole kimoja. Nilikirudisha kiti juu kwa siri mara moja, kwenye 72 ya karatasi, nikaenda hadi mwisho wa Nchelenge na kurudi. Usiku kiuno kikanikumbusha. Asubuhi nilikishusha mwenyewe. Mwisho wa Februari niligundua jambo ambalo sikulitarajia: nilikuwa naliona ziwa. Hapo awali nikipanda nilitazama gurudumu la mbele, mabega yamekaza, kila shimo ni adui. Sasa kichwa kilikuwa kimeinuka chenyewe, shingo imelegea, na nikatambua kwamba kuanzia bomani hadi Kashikishi maji huonekana na kupotea kati ya nyumba, leo ya kijivu, kesho ya rangi ya majani makavu, na kwamba kina mama wanaoanika mihogo husalimia kila anayepita polepole. Mwapoleni mukwai. Miaka mitatu nilikuwa nimepita pale bila kusalimiwa, kwa kuwa uso wangu ulikuwa chini.

Machi uvuvi ukafunguliwa. Jioni moja nilimkuta Batata amekaa kizingitini, nikashuka kumwamkia. Aliitazama baiskeli kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekwepa kupita kwake tangu ikatwe, na sasa nilisubiri aseme kitu juu ya keria. Akauliza kwa Kibemba chake cha taratibu kama kiti kile kinafikika. Nikamwambia ajaribu. Akasema yeye ni mtu mzima. Nikasema tena, nikaiinamisha baiskeli upande wake.

Alipanda kutoka kushoto, kama alivyozoea kusimama. Mguu wa kwanza ulitafuta ardhi, haukuipata, akashtuka, nikamshika. Akaniambia, "Niache, ba ticha." Nikamwachia. Alikwenda kwa kuyumba mpaka kwenye mwembe, halafu baiskeli ikanyooka. Mgongo wake ulinyooka nao. Alipita kibanda cha muda wa maongezi, akapita wavulana waliokuwa wanavuta boya, nao wakapiga mbinja, akaingia njia ya ziwani ambapo mchanga umeshindiliwa na mvua, na nikaacha kumwona. Nilikaa kizingitini kwake. Mkewe alinitolea maji. Jua lilikuwa limeshaigusa Congo.

Alirudi baada ya muda mrefu, polepole, anapiga kengele ingawa njia ilikuwa tupu. Alisimama mbele yetu, akashuka upande wa kushoto, mkono wa kushoto bado kwenye mshikio. Mkono wa kulia ukaenda nyuma ya kiti, kiganja kimefunguliwa, kulishika gunia lisianguke.